Je, wajua? Tako la hasani ni mboga yenye lishe

Kwenye matuta ya mchicha, tako la hasani huwa la kwanza kung'olewa. Huu ni mmea unaotambaa, wenye shina nono lenye wekundu, majani madogo manene yanayong'aa na ua la manjano. Wengine huuita danga. Wataalamu huuita Portulaca oleracea. Ukiutupa njiani hubaki mbichi kwa siku kadhaa, na mvua ikinyesha huweza kutoa mizizi upya.

Waturuki huula na mtindi, na Walebanoni huuchanganya kwenye saladi. Wamefaidi. Mwaka 1992, Artemis Simopoulos na wenzake walichapisha nchini Marekani vipimo vya majani yake. Gramu 100 za majani mabichi zilikuwa na miligramu 300 hadi 400 za asidi ya alfa-linoleniki, mafuta ya jamii ya omega-3 ambayo mwili wetu hauwezi kujitengenezea. Zilikuwa pia na miligramu 12 hivi za vitamini E, 27 za vitamini C, pamoja na beta-karoteni na glutathioni. Hivi vinne vya mwisho ni antioksidanti, yaani huzima chembe haribifu zinazoshambulia seli.

Shina nalo usilitupe. Wekundu wake ni betalaini, rangi ya jamii moja na ile ya bitiruti, nayo ni antioksidanti. Mmea wenyewe unaihitaji, kwani jua kali na kiu huzidisha chembe hizo haribifu ndani yake.

Ukame ukizidi, majani hufunga matundu yake mchana ili kuokoa maji. Usiku huyafungua, huvuta kabonidioksidi na kuihifadhi kama asidi ya maliki. Ndiyo maana wakati wa kiangazi jani lililochumwa alfajiri huwa chachu kuliko la jioni.

Kabla ya kuchuma, vunja shina. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo ni mziwaziwa au ndugu yake, usiule. Tako la hasani hutoa maji yasiyo na rangi. Lina oksalati nyingi, hivyo mwenye mawe kwenye figo aliepuke. Wengine chumeni vichipukizi vichanga, vioshwe mchanga, vikaangwe kidogo kwa kitunguu na nyanya. Moto wa muda mrefu huharibu vitamini C. Mboga hii haihitaji mbegu ya kununua wala mbolea, na inastahili sufuria kuliko jalala.