Nani anasonga bukari? Kipimo cha kazi kwa mwenye baridi yabisi

Muulize mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye baridi yabisi kama nyumbani kwake wanapika, atakujibu mara moja: "Kila siku." Na ni kweli, moshi wa mbabula hauachi kupanda. Lakini muulize tena: mwiko wa bukari anaushika nani? Sombe anatwanga nani? Hapo huenda akamtazama binti yake. Ugonjwa ulishaingia jikoni zamani, ila mikono ya watoto ikaufunika.

Jina la baridi yabisi limebeba maumivu mengi ya viungo. Hapa tunasema juu ya ugonjwa mmoja tu, ule ambao madaktari wetu wanauita kwa Kifaransa poliatriti rumatoide. Hauletwi na baridi ya Juni wala na maji ya alfajiri. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Utando unavimba, na usipotibiwa unaharibu gegedu na mfupa. Mara nyingi huanza kwenye vidole na vifundo vya mikono, kushoto na kulia pamoja, na asubuhi mikono hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Utafiti wa Jean-Jacques Malemba na wenzake mjini Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 100 anao.

Daktari anaweza kuhesabu viungo vilivyovimba na kupima damu. Lakini damu haisemi kama mgonjwa anaweza kufunga liputa lake. Ndiyo sababu mwaka 1980 James Fries na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa karatasi ya maswali 20 kuhusu wiki iliyopita. Maswali hayo yamegawanywa katika mafungu 8: kuvaa, kuinuka, kula, kutembea, usafi wa mwili, kufikia vitu, kushika, na shughuli za kila siku. Kila jibu lina alama: 0 ni bila shida, 1 ni shida kidogo, 2 ni shida kubwa, 3 ni kushindwa kabisa.

Katika kila fungu huchukuliwa alama iliyo kubwa kuliko zote. Kisha inakuja kanuni inayomfaa sana mama wa Katuba: ukisaidiwa na mtu au ukitumia kifaa, fungu hilo haliwezi kupata chini ya 2. Binti anayeshika mwiko naye anahesabiwa. Mwishoni alama za mafungu 8 hujumlishwa na kugawanywa kwa 8.

Tuseme mgonjwa amepata jumla ya 10: kipimo chake ni 1.25. Baada ya miezi sita ya dawa jumla inashuka hadi 6, yaani 0.75. Wataalamu wengi huona badiliko la 0.22 linatosha mgonjwa kulihisi maishani mwake. Huyu ameshuka kwa 0.50. Dawa inafanya kazi. Kama namba ingebaki palepale au kupanda, daktari angekuwa na sababu ya kufikiria upya matibabu.

Karatasi ya kwanza iliuliza juu ya kufungua boksi la maziwa na kuoga ndani ya beseni kubwa la kulala. Kwa wengi wa mitaa yetu ya Ruashi au Kenya maswali hayo hayapimi kitu. Wahindi walipotengeneza ya kwao waliingiza kuchuchumaa na kukaa chini kwa kukunja miguu. Ya Lubumbashi ingeuliza juu ya kusonga bukari, kukamua nguo, na kubeba bidoni la maji la lita 20. Ila maswali yakibadilishwa lazima yajaribiwe kwanza kwa wagonjwa wengi, ili namba zake ziaminike.

Nguvu ya kushika nayo hupimika bila mashine ya bei kubwa. Kitambaa cha kupimia presha hukunjwa, hujazwa hewa hadi sindano yake ionyeshe 20, kisha mgonjwa hukibana kwa nguvu zake zote na daktari husoma sindano inafika wapi. Kipimo kifanywe saa ileile kila mara, maana mikono ya asubuhi si mikono ya jioni.

Namba hizi peke yake hazitaji ugonjwa. Goti lililochakaa kwa uzee nalo huzipandisha. Zinaonyesha tu njia mgonjwa anayoelekea. Basi, mama, ukienda kituo cha afya usiseme tu "naumwa". Sema ni kazi zipi umeziacha, tangu mwezi gani, na nani anazifanya badala yako. Viungo vilivyovimba kwa wiki sita visingoje msimu wa baridi uishe: dawa hulinda kiungo kabla hakijaharibika, na mfupa ukishaliwa haurudi.