Fadhila si Haki

Mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, makampuni makubwa ya Marekani yalishindana kutoa ahadi. Yalisema yataajiri na kuwapandisha vyeo watu wa rangi na asili zote, na yakateua wakubwa wa kuisimamia kazi hiyo. Haikupita miaka mitano, ahadi nyingi zikakunjwa kama majamvi baada ya karamu. Ford na Walmart zilipunguza mipango hiyo mwaka 2024, na Meta ikafuata Januari 2025. Mwezi huo huo Rais Donald Trump aliifuta amri ya Rais Lyndon Johnson ya mwaka 1965, iliyowataka wenye mikataba na serikali wahakikishe usawa katika ajira.

Wapo wanaodhani kwamba mlango umefungwa. Sisi tunasema sivyo. Kilichoondoka ni fadhila ya mwajiri, sheria ingalipo. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 humkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa rangi, asili, dini, jinsia au taifa alikotoka. Sheria hiyo ilitungwa na Bunge, na amri ya Rais haiwezi kuifuta. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya kampuni ya umeme ya Duke, kwamba hata sharti la cheti lililo sawa kwa wote ni batili iwapo linawazuia Weusi na halihusiani na kazi yenyewe. Juni 2025 mahakama hiyo ilisisitiza kuwa sheria humpima kila mlalamikaji kwa kipimo kimoja, awe wa kundi kubwa au dogo.

Lakini haki isiyodaiwa hulala. Mlalamikaji hupewa siku 180, au 300 katika majimbo mengi, kulifikisha shauri lake mbele ya tume ya serikali inayohusika kabla ya kwenda mahakamani. Asiyeijua hesabu hiyo hupoteza haki yake kimya kimya. Jamaa zetu wanaofanya kazi huko tunawasihi watunze barua zao na kuandika tarehe.

Nasi hapa Visiwani tusijidanganye. Kijana wa shamba anayeajiriwa hotelini kwa hisani ya meneja anaweza kuipoteza hisani hiyo siku meneja anapoondoka. Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005 inakataza ubaguzi kazini. Ni wajibu wa wakubwa wanaohusika kuhakikisha kwamba mfanyakazi anaijua sheria hiyo, anajua pa kupeleka malalamiko yake, na anajibiwa kwa wakati.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mfanyakazi anayetegemea huruma ya tajiri wake hana tofauti.