MLANGO WA BIBI BETHUNE

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji wa Daytona, jimbo la Florida nchini Marekani, ipo nyumba nyeupe ya ghorofa moja ambamo methali hiyo ilitimizwa kwa vitendo. Humo aliishi Bibi Mary McLeod Bethune, mwalimu na Mkristo wa Kanisa la Methodisti, aliyemlea mjukuu wake wa kiume kama mwanawe wa kumzaa. Alifariki nyumbani humo tarehe 18 Mei 1955, akazikwa uani.

Kitabu alichokatazwa

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na Mayesville, jimbo la South Carolina, mtoto wa kumi na tano kati ya kumi na saba. Wazazi wake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Mama yake alifua nguo za Wazungu, na siku moja Mary alimfuata kazini. Alipookota kitabu cha watoto wa nyumba hiyo, mtoto wa Kizungu alimwamuru akiweke chini, kwa kuwa mtu mweusi hajui kusoma. Neno hilo lilimchoma moyo maisha yake yote.

Kanisa lilipofungua shule jirani, Mary alikwenda kwa miguu, kiasi cha kilometa nane kila asubuhi. Jioni aliwafundisha nduguze yale aliyojifunza mchana, akawasomea wazee Biblia. Hivyo alikuwa mwalimu kabla hajamaliza kuwa mwanafunzi.

Alipohitimu masomo ya dini mjini Chicago mwaka 1895, aliomba kupelekwa Afrika kuhubiri Injili. Wakuu wa kanisa walimjibu kuwa hapakuwa na nafasi ya mhubiri mweusi huko. Ajabu ilioje! Binti wa asili ya Afrika alizuiwa kuja Afrika kwa sababu ya rangi yake. Mary alilia, kisha akapangusa machozi, akaanza kufundisha watoto weusi wa Marekani.

Dola moja na nusu

Tarehe 3 Oktoba 1904 alifungua shule mjini Daytona, ambako watu weusi wengi walikuwa wakijenga reli. Mfukoni alikuwa na dola moja na nusu tu. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wasichana watano pamoja na mwanawe mwenyewe. Masanduku yaliyotupwa yakawa madawati, vijiti vilivyounguzwa vikawa kalamu, na maji ya matunda ya porini yakawa wino. Ili kupata fedha, mwalimu na wanafunzi wake walioka mikate mitamu ya viazi vitamu, wakawauzia wajenzi wa reli. Kila msichana alijifunza kusoma, kupika, kushona na kusali.

Mwanafunzi wake mmoja alipougua kidole tumbo, hospitali ya Wazungu ilimlaza barazani nyuma ya jengo. Mwalimu hakupoteza muda kwa manung'uniko. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo yenye vitanda viwili, ikawa kimbilio la weusi wa mji ule.

Kila Jumapili alasiri milango ya shule ilifunguliwa kwa wote. Siku hizo sheria na desturi za Florida ziliwatenga weusi na weupe, lakini kwa Bibi Bethune hapakuwa na viti vya rangi. Aliyewahi kufika ndiye aliyekaa mbele. Mke wa Rais Roosevelt naye aliwahi kuwa mgeni katika nyumba ile nyeupe.

Usiku wa mashuka meupe

Ukarimu huo ulikuwa na gharama yake. Bibi Bethune alifundisha watu wazima kusoma jioni ili wasinyimwe kura. Katika miaka ya mwanzo ya 1920, usiku wa kuamkia uchaguzi, watu wa Ku Klux Klan walikuja shuleni wamejifunika mashuka meupe, wakitaka kumtisha. Yeye aliamuru taa zote ziwashwe, akasimama mlangoni mbele yao. Yasimuliwa kwamba wasichana walianza kuimba nyimbo za Mungu, na wale watu wakaondoka bila kumgusa mtu. Kulipokucha, aliwaongoza watu wake kwenda kupiga kura.

Wanajeshi nao wana sababu ya kumkumbuka. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alisaidia kuchagua wanawake weusi wa kwanza waliokwenda kufunzwa uofisa katika jeshi la wanawake la Marekani. Wakati huo ile shule ya masanduku ilikwisha kuwa chuo.

Afrika aliyokatazwa akiwa kijana aliifikia akiwa bibi mzee wa miaka 76. Mwaka 1952 Serikali ya Marekani ilimtuma Liberia kuiwakilisha katika sherehe za kuapishwa kwa Rais William Tubman. Mwaka 1974 sanamu yake ilisimamishwa mjini Washington, ikimwonyesha akiwakabidhi watoto wawili urithi wake. Na mwaka 2022 sanamu nyingine iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani.

Funzo kwa nyumba zetu

Familia za askari zajua maana ya uhamisho: kufika kambi mpya jioni, watoto wamechoka, chungu bado kimo mzigoni, na hakuna anayekujua. Mama anayemkaribisha jirani wa namna hiyo kwa uji na maji ya kuoga hahitaji sebule nzuri. Na mwenye kujua kusoma anaweza kumkalisha mtoto wa mwenzake juu ya sanduku, akamwonyesha herufi. Bibi Bethune naye alianza na masanduku.