Barua Zinabaki, Anwani Je?

Je, wajua kwamba SquirrelMail haikuwa na sanduku la barua? Programu hii ya kusomea barua pepe kwenye kivinjari, iliyoanza mwaka 1999, ilikuwa dirisha tu. Barua zenyewe zilikaa kwenye folda za seva, nayo ilizichungulia kwa itifaki ya IMAP. Ndiyo maana cPanel, mfumo unaotumiwa na kampuni nyingi za kuhosti tovuti, ilipoiondoa katika toleo la 78 mwaka 2019, barua hazikuguswa. Mtu aliingia Roundcube, programu nyingine ya namna hiyo, kwa nenosiri lilelile akazikuta.

Kitabu cha anwani ni habari nyingine kabisa. Kwa mpangilio wake wa kawaida, SquirrelMail huandika anwani kwenye faili la maandishi matupu, lenye jina la mtumiaji na kiishio cha .abook. Kila mtu ana mstari wake: jina la mkato, jina la kwanza, la ukoo, barua pepe, maelezo mafupi, kati yake kistari wima. IMAP haina habari na faili hilo. Roundcube nayo huweka anwani kwenye hifadhidata yake yenyewe, kwa hiyo hailitafuti.

Kulihamisha si kazi ngumu. Fundi hugeuza vistari kuwa mikato, huongeza vichwa vya safu juu, na Roundcube hulipokea kama faili la CSV. Anayefuta programu bila kulitazama faili hilo anaweza kumpotezea mwenye duka anwani za wateja alizokusanya miaka mingi. Huo ni uzembe, hata kama seva imebaki safi.

Kuondolewa kwenyewe kwa SquirrelMail kulistahili, tena kulichelewa. Toleo thabiti la 1.4.22 lilitoka Julai 2011, na hakuna jingine thabiti lililofuata, huku PHP, lugha iliyotumiwa kuiandika, ikifika toleo la 7 kisha la 8. Mwaka 2017 ikatangazwa kasoro nzito: pale barua zilipotumwa kupitia amri ya sendmail, mwenye akaunti aliweza kupenyeza vigezo vyake kwenye amri hiyo na kuendesha amri nyingine kwenye seva. Kuiacha programu ya namna hiyo kwa sababu wateja wameizoea ni kuwahatarisha haohao.

Hata hivyo, enzi zake SquirrelMail ilifaa kwa kompyuta kuukuu, intaneti ya kusuasua, vivinjari vilivyozimwa JavaScript, na seva zenye kumbukumbu ndogo.