Daktari wa Mifugo na Siasa ya Ustawi wa Wanyama: Somo la Punda

Katika madarasa yetu ya siasa tumeulizwa mara nyingi swali hili: Je, mateso ya mnyama ni jambo la siasa, au ni jambo la huruma ya mtu binafsi? Wako wanaosema kwamba nchi ambayo baadhi ya wananchi wake bado wanatafuta maji na dawa haina nafasi ya kuzungumzia hali ya punda. Hoja hiyo inaonekana kuwa inamtetea mnyonge. Tukiichambua, tunaona kwamba inamwumiza. Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa nini, na kuonyesha njia ambazo mtaalamu wa mifugo anaweza kuutumia ujuzi wake kutetea siasa iliyo sawa katika jambo hili.

Maana ya Ustawi

Kwanza tukubaliane juu ya maana. Ustawi wa mnyama si kumdekeza. Wataalamu wa Uingereza waliuweka katika mambo matano mwaka 1979, na tangu hapo yanatajwa duniani kote: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa taabu, asiachwe na maumivu, jeraha au ugonjwa, aweze kuishi kwa tabia ya asili yake, na asiishi katika hofu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Kwa hiyo jambo hili si hisani ya watu wapole, bali ni wajibu wa kisheria.

Wahenga wana msemo: Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Tujiulize, anayesema maneno hayo ni nani? Ni bwana mwenye mzigo, ambaye kesho atakodi punda mwingine. Mama wa kijijini mwenye punda mmoja hawezi kusema hivyo. Yeye anajua kwamba punda akifa mzigo haufiki; unahamia kichwani pake, au kwa binti yake ambaye ataacha shule kwenda kisimani. Hapo ndipo ustawi wa mnyama unapokuwa suala la kazi, na suala la kazi ni suala la siasa.

Biashara ya Ngozi

Mfano ulio wazi kuliko yote ni biashara ya ngozi za punda. Huko China ngozi hiyo huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, ambayo hutumika kama dawa na kirutubisho. Punda wa China walipopungua, wanunuzi waligeukia Afrika. Nchini Kenya machinjio ya punda yalianza kazi hiyo kwa wingi mwaka 2016. Watafiti wa shirika la KALRO walihesabu na kutoa taarifa mwaka 2019: tangu Aprili 2016 hadi Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000, yaani asilimia 15 hivi ya punda wote wa nchi. Jike la punda hubeba mimba mwaka mmoja au zaidi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Hakuna kundi linaloweza kuhimili uchinjaji wa namna hiyo.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mwaka 2020, lakini mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo. Hata hivyo, hoja zilikuwa zimekwisha kusambaa. Desemba 2022 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam katika mkutano juu ya punda ulioandaliwa na ofisi ya Umoja wa Afrika ya rasilimali za wanyama. Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi waliamua kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Mambo haya yanatufundisha kwamba takwimu za mtaalamu zilifanya kazi ambayo huruma peke yake isingeifanya.

Wajibu wa Mtaalamu

Hatuna budi kutambua ugumu wa nafasi ya daktari wa mifugo. Yeye ndiye anayekagua nyama na kugonga mhuri. Mfanyabiashara anamtaka agonge haraka. Halmashauri inataka ushuru. Mkulima anataka mnyama wake atibiwe. Akiwa peke yake ni rahisi kunyamazishwa. Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo:

(a) Ahesabu na kuandika. Vidonda vingapi vya mgongoni ameviona mwezi huu? Wanyama wangapi wamefika machinjioni wamevunjika miguu? Malalamiko bila hesabu hujibiwa kwa maneno. Hesabu hudai majibu ya hesabu.

(b) Azungumze na wananchi katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa lugha yao. Asiwaeleze vifungu vya sheria kabla ya kuwaeleza siku ngapi za kazi zinapotea punda akiwa na kidonda.

(c) Afuate vikao. Sheria ndogo za halmashauri zinaweza kuweka kipimo cha mzigo na kutaka wanyama wapewe maji na mapumziko safarini. Daktari aandae rasimu, amwone diwani, na asubiri hoja ijadiliwe. Amri iliyotolewa kwa haraka hutenguliwa kwa urahisi, kama mfano wa Kenya unavyoonyesha.

(d) Asimame pamoja na wenzake. Baraza la Veterinari na chama cha wanataaluma vina sauti ambayo daktari mmoja wa wilayani hana, hasa pale anapoagizwa kugonga mhuri asiouamini.

(e) Aonyeshe njia iliyo bora kabla ya kudai adhabu. Tunawaona punda wakivalishwa nira ya ng'ombe, ilhali punda hana nundu ya kuizuia. Nira humchubua shingo, na nguvu zake zinapotea bure. Mkanda mpana wa kifuani, ulioshonwa kwa gunia na kuwekwa kitambaa laini, humwezesha kuvuta bila jeraha. Kumtoza faini mwenye mkokoteni ambaye hajaonyeshwa mkanda huo ni kumwadhibu kwa umaskini wake, na yeye atajificha na mnyama wake badala ya kumleta atibiwe.

Kwa upande wetu, sisi tulio katika kazi ya siasa tunao wajibu wa kumpa mtaalamu nafasi ya kusema. Mara nyingi bwana mifugo huitwa kikaoni kujibu kwa nini chanjo imechelewa, wala haulizwi anaona nini katika njia za mifugo na minadani. Huko ni kupoteza elimu iliyogharimiwa na wananchi.

Miaka 15 iliyoamuliwa Addis Ababa itakwisha mwaka 2039, na wanunuzi wa ngozi wanaweza kurudi na hoja mpya. Kijiji kisichojua leo kina punda wangapi, wana hali gani na wanafanya kazi gani, hakitakuwa na la kujibu siku hiyo. Kuhesabu kuanze sasa.