Mtoto Asiyeweza Kutulia

Ndugu wazazi, mtoto wa namna hii mnamjua. Ametumwa kuchota maji. Bidoni inakutwa njiani na yeye mwenyewe hayupo. Katika ibada miguu yake inacheza, mara anasimama, mara anamfinya mwenzake. Katika masomo anajibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, na daftari limepotea tena. Kila siku anapigwa fimbo, na kila siku ni yule yule.

Kucheza sana si ugonjwa. Lakini kuna watoto ambao mambo haya yamewazidi, hata hawawezi kujifunza wala kukaa na wenzao kwa amani. Waganga wa hospitali wanaita hali hiyo kwa Kifaransa TDAH: mawazo ya mtoto hayashiki mahali pamoja, na mwili wake hautulii. Mganga atauliza: Je, ilionekana kabla ya miaka 12? Imedumu miezi 6 au zaidi? Iko nyumbani na masomoni pia? Maana mtoto anayetulia nyumbani na kuhangaika darasani pengine haoni ubao, au masikio yake yanatoka usaha. Njaa, kukosa usingizi, kifafa kinachomduwaza kwa nukta chache, hofu ya mtoto aliyekimbia vita, yote yanaweza kufanana na hali hii. Kwa hiyo kwanza apimwe.

Watoto hawa si wapya. Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza waganga wenzake katika mji wa London habari za watoto kama hao. Leo tunajua kwamba hali hii mara nyingi inafuata jamaa, nyanya akiulizwa, pengine atacheka na kusema, “Baba yake alikuwa vile vile.” Wengine wanalaumu sukari, lakini majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja mwaka 1995 hayakuona hivyo.

Sasa neno gumu. Katika nchi yetu ya Kongo watoto wenye tabia ngumu wameitwa wachawi, wakafungiwa katika vyumba vya maombi, wakanyimwa chakula, wakapigwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inaleta adhabu. Kumwombea mtoto ni vema. Kumfunga na kumtesa kwa njaa si maombi.

Basi tufanye nini? Dawa ya kwanza haiko katika chupa, iko katika desturi za nyumbani. Mtoto huyu hashiki ahadi ya mbali. Ukimwambia, “Ukifaulu mwisho wa mwaka nitakununulia viatu,” ni kama hukusema kitu. Malipo yake yawe karibu, na maneno yawe machache. Usipige kelele toka jikoni. Mwendee, taja jina lake, mguse bega, akutazame. Sema jambo moja tu: “Leta bidoni.” Mwambie alirudie. Akileta, msifu palepale kwa jambo lile lile: “Umeleta bidoni mara moja, vema sana.” Kisha tia punje ya haragi katika kopo lake. Punje tano zikitimia, anaenda kucheza mpira. Punje alizokwisha kupata msimnyang'anye kwa hasira, maana ataacha kujaribu.

Makosa madogo ya kuhangaika, yaacheni yapite. Akimpiga mdogo wake, akae peke yake dakika chache, bila matusi. Saa ya kulala na saa ya kuamka zisibadilike. Angalieni: katika juma la kwanza pengine atazidi kusumbua kabla ya kupunguza. Wengi wanaacha hapo, na ni hasara, maana kazi hii inataka majuma mengi, na baba na mama wenye neno moja.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Tangu masomo ya primeri yalipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa sana. Hata hivyo kumkalisha mbele, mbali na mlango, hakuna gharama. Kazi yake ikatwe vipande vifupi, na katikati atumwe kufuta ubao au kugawa madaftari.

Vidonge viko, nasi hatuvidharau. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 1999, wenye watoto 579, ulionyesha kwamba dawa iliyoangaliwa vizuri ilipunguza dalili kuliko mafundisho ya tabia peke yake. Lakini dawa hiyo inaamriwa na mganga anayejua hali hii, na kwa watoto wa miaka 4 na 5 waganga wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2019 kuanza na mafundisho ya wazazi. Msinunue vidonge vya usingizi sokoni ili kumtuliza.

Mkimleta hospitali, leteni na daftari lake la masomo, na barua fupi ya mwalimu inayosema anachofanya darasani, saa gani, na mara ngapi kwa siku.