Zenit ya Mjomba na Pete Mbili za Helios

Mkanda wangu wa kwanza kwenye Zenit-E ulitoka mweusi kama masizi. Picha 36, hata moja haikufaa. Fundi aliyeusafisha aliuinua kwenye taa, akacheka: "Mwanangu, hukufunga tundu."

Kosa lilikuwa langu. Mjomba alirudi na kamera hiyo kutoka masomoni Moscow, ikakaa kabatini miaka na miaka ndani ya mfuko wake wa ngozi. Zenit-E zilitengenezwa Krasnogorsk, jirani na Moscow, kuanzia miaka ya 1960, zaidi ya milioni 3. Ni nzito, ina kelele, na shata yake haizidi sehemu moja ya 500 ya sekunde. Mali iko mbele: lenzi ya Helios 44-2, iliyozaliwa na Biotar ya Zeiss ya Ujerumani.

Helios hii ina pete mbili za tundu la mwanga. Moja unaichagulia namba, nyingine inafungua na kufunga. Unafungua ili uone vizuri unapolenga, halafu unafunga mpaka kwenye namba yako, dirisha la kulengea linaingia giza, ndipo unabonyeza. Mimi nililenga nikabonyeza.

Namba zenyewe huchanganya, maana namba kubwa ni tundu dogo. Ni hesabu ya kugawanya tu. Lenzi ni ya milimita 58: gawa kwa 2, tundu ni milimita 29, gawa kwa 16, linabaki kama punje ya mtama. Kipimo cha mwanga cha seleniamu hakitumii betri, ila kikizeeka hudanganya, kwa hiyo nimeacha kukisikiliza. Jua kali, mkanda wa ISO 100: tundu 16, shata 125. Ufukweni kwenye mchanga mweupe, shata 250.

Lakini wanaoihangaikia Helios wanafuata dosari yake. Tundu likiwa wazi kabisa, majani ya mwarobaini nyuma ya uso wa mtu huonekana yanazunguka kama maji yaliyokorogwa. Kingo za lenzi hukata mwanga unaoingia mshazari, na madoa ya mwanga ya pembeni yanabanwa yakawa kama jicho. Juani huwezi kuipata picha hiyo: tundu 2 lingetaka shata ya 8000, na Zenit inaishia 500. Subiri jua lijifiche nyuma ya nyumba za jirani.

Shata ya mjomba ilikufa mwaka jana. Helios nimeihamishia kwenye kamera ya Praktica, kwa sababu uzi wa kufungia lenzi ni mmoja, milimita 42, sawa na wa Pentax za zamani.

Ukikutana na Zenit kama hii sokoni, usihangaike kwanza na mikwaruzo ya kamera. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu, mulika lenzi kutoka nyuma. Joto na unyevu wa pwani huotesha ukungu katikati ya vioo. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, mwachie mwenye nayo.